Wazee Kumi na Mmoja

Mume wa Mama Chai alirudi kutoka semina siku ya Alhamisi, begi jipya la bluu begani na cheti ndani ya bahasha ngumu. Miaka ishirini na mitatu ya kuwatembeza wageni msituni, hakuwahi kupelekwa popote kujifunza chochote. Alimwonyesha mkewe cheti kabla hajavua viatu, akamweleza jinsi hoteli ilivyokuwa na sabuni ndogo kama peremende, kisha akatoa tatu alizozisweka mfukoni. Mama Chai alicheka, akazinusa, akazipanga juu ya kabati. Walifurahi kama wanavyofurahi watu wasiozoea kupewa kitu.

Ijumaa, kabla wageni hawajafika, mume akaenda kuwaamkia Wazee. Ndivyo alivyoita mivule kumi na mmoja iliyosimama bondeni, nyuma ya chemchemi, mahali ambapo hakuna njia iliyochorwa kwenye ramani. Kila mvule ulikuwa na chale za kisu kuanzia magotini hadi kifuani, mamia ya chale, zimevimba na kuzeeka pamoja na gome. Zilikatwa na watu waliokimbilia msitu huu zamani, enzi za kazi za kulazimishwa. Aliyelala usiku mmoja bila kukamatwa alikata chale moja. Baba yake alimwonyesha, naye alichagua mwenyewe nani wa kumwonyesha. Mwalimu mmoja na darasa lake, bibi kizee aliyekuja kumtafuta babu yake, basi. Wageni wengine walitosheka na ndege hondohondo, uyoga na popo wa pangoni.

Saa tatu alirudi, akaketi kwenye benchi la wateja, pale getini mkewe alipouzia chai, kofia mkononi. Mama Chai alikuwa akimimina vikombe vya watu wawili waliosubiri geti lifunguliwe. Akamwuliza mbona mapema. Alisubiri wale wawili waondoke.

"Wamekatwa," alisema.

"Nani amekatwa?"

"Wazee. Wote."

Mama Chai akakumbuka misumeno aliyoisikia kwa mbali juma lile, siku tatu mfululizo, akadhani ni watu wa mikaratusi upande wa pili wa kilima. Aliliweka birika chini. Akamimina chai ambayo mumewe hakuinywa.

Jambo lililomuumiza mumewe zaidi alilisema baadaye, wakiwa ndani. Miezi miwili nyuma, karani wa ofisi ya msitu alikuja na kopo la rangi nyeupe. Karani huyo ni mdogo wake Mama Chai, amekula kwenye meza ile kila Jumapili tangu anang'oka meno ya utoto. Alisema ofisi inachora ramani mpya. Miti yenye historia itaingizwa kwenye ulinzi maalumu, kwa sheria, isiguswe hata na bwana msitu mwenyewe. Ila lazima mtu anayeijua aioneshe na aiwekee alama. Ni nani anaijua kama si shemeji?

Katika msitu ule, mti usioguswa huzungushiwa mkanda mweupe usawa wa kifua. Mti wa kukatwa hupigwa shinani kwa nyundo ya muhuri, nyundo ya chuma yenye herufi za ofisi kichwani, ili gogo likishaondoka kisiki kibaki na ushahidi kwamba kilikatwa kihalali. Mtoto wa mlinzi yeyote anajua hilo kabla ya kujua hesabu. Kwa hiyo mume wa Mama Chai alijifunga leso puani, akaipaka mikanda kumi na mmoja kwa mkono wake, taratibu, kama mtu anayempaka mgonjwa dawa. Kisha shemeji akamletea karatasi ya ramani, akatia saini. Miwani hakuwa nayo, na nani huisoma mara mbili karatasi aliyoletewa na shemeji yake?

Sasa mikanda myeupe ilikwisha kwenda na magogo. Bondeni vilibaki visiki kumi na kimoja, kila kimoja kikiwa na muhuri shinani.

Kabla ya mchana bwana msitu akamwita. Karatasi ya ramani haikuwa ya ramani. Iliandikwa kwamba mwongoza wageni amekagua mivule kumi na mmoja, ameikuta mikavu na hatari kwa watu, na amependekeza ikatwe. Tena nyundo ya muhuri haikuonekana kabatini. Wakaguzi wawili wangekuja Jumatatu kutoka makao makuu. Kama hana maelezo ya kueleweka, nyumba ya kazi waliyoishi pale getini ataiacha ndani ya siku saba, na mengine atawaeleza polisi. Bwana msitu alisema yote hayo akiangalia kalenda ukutani, maana walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na sita.

*

Alasiri Mama Chai aliingia ghalani, kile kijichumba kilichobanwa na jiko, kuchota mkaa. Gunia lilikuwa limeegemea mtungi wa maji. Aliposogeza mtungi, akaona kifurushi kilichofungwa kwa kamba, akakumbuka. Jumatano, mumewe akiwa bado semina, mdogo wake alipita akiwa na haraka. Alisema ana vyombo vya fundi mmoja, atavifuata. Akamkataza asijisumbue, akaingia ghalani mwenyewe, akatoka anapangusa mikono. Hakunywa hata chai.

Alifungua kamba. Nyundo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na kwenye herufi zake kulikuwa kumeganda utomvu. Lakini macho yake hayakukaa kwenye nyundo. Yalikaa kwenye kile kilichoivika. Lilikuwa sweta la kijani, la shule, na ndani ya ukosi palishonwa namba arobaini na saba kwa uzi mwekundu. Alilifuma yeye. Mdogo wake alipokuwa kidato cha pili alimwambia limeibwa kambani, naye akafuma jingine akiwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba ndani ya beseni la maji. Kumbe lilikuwepo muda wote. Kumbe lilikuwa tambara.

Mumewe alikuwa chumbani, amelala ameelekea ukuta. Hatua nane tu kutoka ghalani hadi kitandani. Mama Chai alizitembea nne, akasimama. Mtu akimlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki, hawezi kumpeleka mbele ya mume kama mwizi wa kuku bila kumsikiliza kwanza. Ndivyo alivyojiambia. Alikifunga kifurushi, akakirudisha nyuma ya mtungi, akaenda kuwasha moto. Kosa lake lote limo ndani ya zile hatua nne alizozirudi.

Jumamosi, baada ya wageni wa asubuhi, alimwambia mumewe anakwenda kununua majani ya chai. Akaenda kwa karani.

Vyumba viwili vya karani vilikuwa vimetiwa vigae. Kochi lilikuwa bado ndani ya nailoni yake, na ukikaa lilinong'ona. Mama Chai hakuketi. Alimwambia amekiona kifurushi, amekifungua, basi aseme mwenyewe asije akamtukana kwa kudanganya.

Karani hakudanganya. Alikaa chini, sakafuni, kama alivyokaa akiwa mtoto akitaka asamehewe. Alisema amri ilitoka juu, kwa wakubwa ambao hata majina yao hayaandikwi. Yeye ni karani tu, angekataa angefukuzwa, na nafasi yake ingejazwa kabla ya kiti kupoa. Hakujua kwamba shemeji ndiye angebebeshwa. Usingizi haumjii. Machozi yalimtoka, na Mama Chai, ambaye aliyajua machozi yale tangu yakiwa ya ugali kuungua, aliyaamini.

"Jumatatu nitasimama mwenyewe," alisema. "Nitasema yote mbele ya wakaguzi. Ila niache niseme mimi, Dada, isionekane nimeshikwa. Mtu akijileta huwa wanamfikiria."

"Na nyundo?"

"Iache pale pale ilipo. Usiiguse. Na shemeji usimwambie, atakuja hapa tugombane, majirani wajae mlangoni. Siku mbili tu."

Mama Chai akasema haya, siku mbili. Alipokuwa anatoka, mdogo wake akampa mfuko wa sukari, kilo mbili, kwa ajili ya biashara. Akaupokea. Alisahau kununua majani ya chai.

*

Jumapili mume alipiga pasi shati mwenyewe. Kisha akasimama mbele ya kioo cha kabati, penye zile sabuni tatu, akajizoeza. Waheshimiwa wakaguzi, mimi nimeutumikia msitu huu. Akaacha. Waheshimiwa, mtu hawezi kumkata mzazi wake. Akaacha tena, akasema hilo la mzazi watamcheka. Mama Chai alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Wewe unaniamini?" mumewe alimwuliza kupitia kioo.

"Nakuamini."

"Basi wawili tunatosha." Akaendelea na waheshimiwa wake.

Siku ile karani hakuja kula. Alituma ujumbe kwamba anaumwa kichwa. Mama Chai alikwenda kwenye meza yake ya geti, akafungua ule mfuko, akaanza kutia sukari kwenye birika, na kijiko kikamgandia mkononi. Kuna neno lilikuwa likimkwaruza tangu jana. Aliyeiba nyundo akitaka kuirudisha, ataifuata. Aliyeogopa atakuambia ukaitupe chemchemini. Ni mtu wa aina gani anayekuambia uiache pale pale ilipo? Alilijua jibu, akalikataa. Damu nzito kuliko maji, akajikumbusha, mgongo wangu ndio uliombeba. Mteja akamwambia, "Mama, sukari imetosha," na kweli birika lile hakuna aliyeweza kulimaliza.

Jumatatu, kama kila kikao, ofisi ilimwagiza chai ya watu sita. Alipanga vikombe kwenye kikapu. Kisha akaingia ghalani, akatoa kifurushi nyuma ya mtungi, akakilaza chini kabisa ya kikapu. Alijiambia anakipeleka ili mdogo wake akishakiri awe nacho cha kuwakabidhi, ionekane ameleta kwa hiari. Alitamani sana hilo liwe kweli.

*

Ofisi ya bwana msitu ilikuwa na meza moja ndefu, kabati la majalada, na kichwa cha nyati ambacho nondo walikuwa wameanza kukila masikio. Mkaguzi mkubwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya fremu ya dhahabu. Wa pili alikuwa kijana wa kuandika tu. Karani aliketi karibu na dirisha, shati jeupe, jalada mapajani.

Mume alisema aliyojizoeza, bila lile la mzazi. Alieleza kopo la rangi, mikanda myeupe, ramani. Mkaguzi alimsikiliza, kisha akamsukumia karatasi na kumtaka aisome kwa sauti.

"Miwani nimeiacha nyumbani, mheshimiwa."

"Unajua kusoma?"

"Najua."

Mkaguzi akavua miwani yake, akampa. Mume wa Mama Chai akaivaa, miwani ya kike, ikambana masikio, akasoma neno moja moja kwamba yeye amekagua mivule kumi na mmoja, ameikuta mikavu. Aliishia kwenye saini yake mwenyewe. Bwana msitu alikuwa akiangalia nje. Kijana wa kuandika aliinamisha kichwa, na Mama Chai aliona wazi kwamba anazuia kicheko. Aliendelea kumimina.

Ndipo karani akaitwa aseme anachojua. Akasimama, akafunga kifungo cha shati. Mama Chai alimwekea kikombe mbele yake, akamtazama usoni, amwone, apate nguvu. Karani hakumtazama.

"Mheshimiwa, huyu ni shemeji yangu," alisema. "Nimekula kwake, nimelala kwake. Linaniuma. Lakini kazi ni kazi. Karatasi hii aliileta mwenyewe ofisini. Na nyundo mnayoitafuta iko nyumbani kwake. Ghala la jikoni, nyuma ya mtungi wa maji."

Mume alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyesikia upuuzi, na akageuka kwa mkewe ili wacheke pamoja. Akauona uso wake. Kicheko kikakatika hapo hapo, na miwani ya dhahabu ikiwa bado puani, akamtazama kama anavyotazama kitu kwenye njia ambacho jana hakikuwepo.

Mkaguzi akamwagiza yule kijana aende na dereva wakatazame.

"Msimsumbue dereva," alisema Mama Chai. "Haipo huko."

Akaweka kikombe cha mwisho mezani, akafunua kikapu, akatoa kifurushi na kukituliza juu ya makaratasi yao. Akafungua kamba, hakuna aliyemsaidia. Nyundo ikalia juu ya meza.

"Ilikuwa hapo hapo alipopasema. Aliiweka mwenyewe siku ya Jumatano, mume wangu akiwa semina mliyompeleka nyinyi. Na semina hiyo, mwulizeni nani aliliandika jina lake."

Bwana msitu akasema polepole kwamba orodha ya semina iliandikwa na karani.

Mkaguzi akamgeukia karani. Hakupandisha sauti. Alimwuliza amejuaje kwamba nyundo iko nyuma ya mtungi, kabla ya mtu yeyote kupekua. Karani akasema aliiona alipokwenda kula. Lini? Jumapili. Jumapili ipi? Ya jana. Mama Chai akatikisa kichwa. "Jana ulikuwa unaumwa kichwa," alisema. "Ujumbe wako ninao kwenye simu." Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ile ilikuwa imeshikwa ikidondoka maji. Karani alianza kueleza habari ya watu wa juu, kisha habari ya dada anayemtetea mumewe, habari mbili zisizoweza kukaa kwenye benchi moja.

Mama Chai alilichukua sweta, akalikunjua ukosi, akamwelekezea.

"Arobaini na saba," alisema. "Uliniambia limeibwa."

Karani hakuitazama nyundo hata mara moja. Alilitazama sweta.

"Dada," alisema.

Katika yote aliyoyasema siku ile, hilo ndilo pekee lisilokuwa la uongo, na halikumfaa kitu.

*

Wakamchukua karani kwenda kuandikisha maelezo. Mwongoza wageni akapewa barua ya onyo kwa kutia saini asichokisoma, akaambiwa aendelee na kazi na nyumba. Kuhusu magogo, mkaguzi alisema yatafuatiliwa, kwa sauti ya mtu anayejua yameshakuwa vitanda. Akarudishiwa miwani yake, akaipangusa kwa leso, akashukuru kwa chai.

Mume alitangulia njiani. Mama Chai alimfuata na kikapu, vikombe vikigongana. Walipofika kwenye kibao cha Njia ya Chemchemi, alisimama bila kugeuka.

"Uliipata lini?"

"Ijumaa."

"Ukamwambia nani kwanza?"

Angeweza kusema hakumwambia mtu. Uongo ule ulikuwa karibu sana, na hakuna ambaye angeujua. "Yeye," alisema.

Mumewe akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mgeni aliyepatia jina la ndege.

"Nilikuuliza kwenye kioo," alisema.

Mama Chai akaanza kueleza, kwamba alimwamini, kwamba nyundo aliibeba mwenyewe, kwamba bila yeye wangemfunga. Yote yalikuwa kweli. Mume aliyasikiliza mpaka mwisho, maana si mtu wa kumkatiza mtu, kisha akasema anajua, amemwokoa, ahsante. Akaendelea kutembea. Ile ahsante ilimchoma Mama Chai kuliko tusi. Usiku kila mmoja alilala pembeni mwa kitanda, na asubuhi mume akapitia karatasi zote za nyumba, moja moja, akiwa amevaa miwani.

Jumamosi wageni walikuwa wengi. Habari ilikuwa imeenea, na bwana msitu alikuwa ameagiza bonde la Wazee litiwe kwenye ramani, vibao viwekwe. Mahali ambapo mtu mmoja alikuwa akichagua nani wa kumpeleka, sasa walikwenda wote, wakapiga picha wamekaa juu ya visiki. Walirudi getini mchana, jasho likiwatiririka, wakiambizana kuhusu chale na watu waliojificha. Mama mmoja alimwambia Mama Chai kwamba yule mwongozaji ameeleza vizuri mpaka amemliza. Waliwahi kuona miti mingi, alisema, lakini visiki hawakuwahi kuelezwa namna ile.

Mama Chai alikuwa ameuosha mfuko wa sukari na kuuanika, hajui kwa nini. Kikombe cha mumewe, kile cha bati chenye ukingo wa bluu, alikuwa amekiweka pembeni tangu alfajiri, kimefunikwa. Kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na mitatu, akishawarudisha wageni, alikuja kukaa kwenye lile benchi, akanyoosha miguu, akanywa bila kuomba, akasema chai leo chungu hata kama ni tamu.

Alikuja. Hakukaa. Alinywa amesimama upande wa wateja, akiwatazama wageni wake wasisahau mizigo yao. Alipomaliza, akarudisha kikombe taratibu, akaingiza mkono mfukoni, akaweka sarafu mbili mezani, bei ya kikombe kimoja.

"Ahsante, mama," alisema, na akaenda kuwafungulia geti.